Winchi ya Umeme Kwenye Dari ya Gereji: Nani Hasa Anaibeba Injini?

Ukipita mitaa ya Mwananyamala, kuanzia Komakoma mpaka Kwa Kopa, utakuta gereji za kila namna. Kuna gereji ambayo ni kivuli cha mwembe na sanduku la spana. Kuna ya banda la bati lililosimama kwenye nguzo za mbao. Na siku hizi kuna zile za chini ya nyumba ya ghorofa: fremu mbili zimeunganishwa, mafundi wako chini, juu wanaishi watu na watoto wao. Kazi ni ileile kote. Injini itoke kwenye gari, ikarabatiwe, irudi.

Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa chein bloki iliyofungwa kwenye tawi, au kwa vijana wanne na bomba begani. Sasa zimeingia winchi ndogo za umeme. Unachomeka kwenye soketi ya kawaida, unabonyeza kitufe, injini inapanda taratibu. Hakuna kutoka jasho. Ndiyo maana swali limekuwa la kawaida: "Nimepata winchi ya kilo 500, naifungaje juu?"

Swali ni zuri, ila ndani yake kuna swali lingine kubwa zaidi: hiyo "juu" yako inaweza kubeba nini? Winchi haibebi injini peke yake. Inaushika mzigo na kuukabidhi kwa breketi, breketi inaukabidhi kwa boliti, boliti kwa boriti au zege, boriti kwa ukuta, ukuta kwa msingi, na msingi kwa ardhi. Ni mnyororo mmoja mrefu, na wote tunajua mnyororo hukatikia wapi. Leo tuufuate mnyororo huu pete kwa pete, kwa fizikia ya sekondari tu. Huhitaji zaidi ya hapo ili kuelewa kwa nini dari nyingi za mtaani kwetu hazifai kufungwa winchi, na ufanye nini badala yake.

Kibati kinasema nini?

Anza na kile kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye winchi. Mara nyingi utaona namba mbili, kwa mfano "250/500 kg". Wengi husoma ile kubwa na kuondoka nayo. Namba hizo zina maana tofauti.

Ya kwanza, 250, ni uzito ambao winchi inaweza kuinua kwa waya mmoja ulionyooka kutoka kwenye ngoma mpaka kwenye ndoano. Ya pili, 500, ni pale unapotumia ile ndoano yenye kapi, au puli kama mafundi wanavyoiita: waya unashuka, unazunguka kapi, unarudi juu na kufungwa kwenye mwili wa winchi. Sasa mzigo unabebwa na nyuzi mbili, kila moja inabeba nusu. Mota haijaongezeka nguvu hata kidogo. Inalipia kwa mwendo: ndoano inapanda nusu ya kasi ya awali. Hakuna cha bure hapa.

Tukague hesabu. Kilo 500 zina uzito wa karibu nyutoni 4,900. Zikipanda mita 4 kwa dakika, kazi inayofanyika kila sekunde ni kama wati 330. Kibati cha winchi ya aina hii mara nyingi kinasoma wati 1,000 hivi. Zilizobaki zinaishia kwenye joto la mota na msuguano wa gia. Ndiyo sababu kibati hicho hicho huwa na maandishi kama "S3 20% 10 min", ambayo karibu kila mtu anayaruka. Maana yake: katika kila dakika 10, mota ifanye kazi dakika 2 tu, nane zilizobaki ipumzike ipoe. Ukiifanyisha kazi mfululizo, unachoma koili zake polepole.

Sasa jambo muhimu kuliko yote: hizo kilo 500 ni uwezo wa winchi. Dari yako haimo kwenye kibati hicho. Kiwandani walikoitengeneza hawajawahi kuliona banda lako.

Mzigo wa kweli si uzito wa injini

"Lakini mimi nainua injini ya IST tu, pamoja na giaboksi haifiki hata kilo 200. Kwa nini nipigie hesabu kilo 500?"

Kwa sababu kuna siku spana boi atasahau boliti moja la kushikilia injini. Utabonyeza kitufe, injini haitapanda, lakini winchi haitajua. Itaendelea kuvuta mpaka ifike mwisho wa nguvu zake au mpaka gari zima lianze kunyanyuka mbele. Wakati huo dari haibebi uzito wa injini. Inabeba nguvu yote ambayo winchi inaweza kuvuta. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: piga hesabu ya dari kwa uwezo mkubwa kabisa wa winchi, ongeza uzito wa winchi yenyewe. Kwa mfano wetu ni kilo 500 na kama 20 za winchi. Jumla 520, sawa na nyutoni 5,100.

Kanuni ya pili ni ya mshtuko. Mzigo ukiwekwa polepole sana, kani kwenye waya ni sawa na uzito. Ukiachiwa ghafla, hata kama haukudondoka hata sentimita moja, kani ya kilele inafika mara mbili ya uzito. Na ukidondoka kidogo kabla waya haujakaza, mambo yanabadilika kabisa. Chukua injini ya kilo 200. Tuseme waya na boriti, vikiwa vimeibeba ikiwa imetulia, vinanyumbuka milimita 5. Sasa injini iteleze kwenye kamba iliyofungwa vibaya na kushuka sentimita 5 tu, halafu waya ukaze. Kani ya kilele inazidi mara 5 ya uzito wake. Yaani kwa sekunde moja au chini ya hapo, dari yako imebeba zaidi ya tani moja. Sentimita 5 ni upana wa vidole vitatu.

Hii ndiyo sababu wahandisi wa vifaa vya kunyanyulia hawafanyi kazi kwenye ukingo. Waya wa kunyanyulia kwa kawaida huchaguliwa wenye nguvu ya kukatika mara 5 hivi ya mzigo unaoruhusiwa. Ukisikia fundi anasema "hii waya inabeba zaidi ya walivyoandika", kweli inaweza kubeba zaidi. Ila ile ziada imewekwa kwa ajili ya siku ya mshtuko, siku ya kutu, na siku ambayo mtu alipima vibaya. Ukiitumia kila siku, siku hiyo ikifika utakuwa huna akiba.

Kuna mtego wa tatu. Wengine, ili kuepuka kupanda juu, huifunga winchi chini kwenye sakafu au ukutani, halafu wanapitisha waya kwenye kapi iliyofungwa darini. Inaonekana kama wameipunguzia dari mzigo. Kinyume chake! Waya mmoja unashuka upande wa injini ukivuta kwa kilo 200, na mwingine unashuka upande wa winchi ukivuta kwa kilo 200 hizohizo. Kapi ya juu inabeba zote mbili, kilo 400. Umeizidishia dari mara mbili.

Banda la bati: kenchi si mahali pa kuning'iniza kitu

Tuanze na banda la kawaida. Paa la bati hukaa juu ya papi, papi juu ya kenchi. Kenchi ni kazi nzuri sana ya uhandisi: pembetatu tupu. Ndani ya pembetatu kila ubao unavutwa au unasukumwa kwa urefu wake, na mbao hupenda hivyo. Ndiyo maana mbao nyembamba zinaweza kubeba paa pana na kuhimili upepo wa kusi.

Ukichukua ule ubao wa chini wa kenchi na kuning'iniza injini katikati yake, umevunja mpango wote. Sasa ubao haubanwi wala hauvutwi kwa urefu wake, unapindwa. Na kupindwa ndiko kunakovunja mbao.

Tupige hesabu moja. Ubao wa 2 kwa 4, yaani milimita 50 kwa 100, umelazwa kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3. Katikati tunaning'iniza injini ya kilo 200 na winchi ya kilo 20. Mkazo unaotokea kwenye uso wa ubao, ukiwa umesimama kwa ubavu wake mwembamba, ni nyutoni 19 kwa kila milimita ya mraba. Kwa mbao laini za kawaida, wahandisi huruhusu karibu 5 hadi 8. Umezidisha zaidi ya mara mbili, na bado hatujaweka mshtuko, wala fundo la mti, wala mchwa.

Ukiulaza ubao huohuo kwa bapa, mkazo unaruka hadi 39. Mbao ileile, uzito uleule, umegeuza tu. Siri iko kwenye kimo: nguvu ya boriti hukua kwa mraba wa kimo chake, na ugumu wake wa kutonyumbuka hukua kwa kimo hicho kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Kwa hiyo ubao wa 2 kwa 4 uliosimamishwa una nguvu mara 2 ya uliolazwa, na haupindi kirahisi mara 4 zaidi. Hata ukipanda hadi 2 kwa 6 uliosimama, mkazo unabaki karibu 9. Bado umepita mpaka.

Na hata kama ubao ungestahimili, kenchi imeshikwa kwa misumari, na misumari iliwekwa kwa ajili ya bati na upepo. Kwa hiyo jibu la banda la bati ni fupi: usifunge winchi kwenye kenchi, wala papi, wala fremu ya dari ya jipsamu. Hakuna boliti nzuri kiasi cha kurekebisha hilo.

Zege: gumu kubanwa, laini kuvutwa

Wenye gereji chini ya ghorofa hujiona salama. "Mimi juu kwangu ni zege, nagonga boliti nne, mchezo umekwisha." Hebu tuliangalie hilo zege.

Zege ni hodari sana likibanwa, ila likivutwa ni dhaifu: nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kubanwa. Ndiyo sababu tunaweka nondo. Sasa boliti ya kutanuka iliyogongwa kutoka chini inafanya nini? Inalivuta zege kwenda chini, yaani inaligusa mahali pake pa udhaifu. Ikishindwa, mara nyingi haing'oki peke yake kama msumari. Inatoka na bonge la zege lenye umbo la pia, ncha ikiwa juu ilipoishia boliti na mdomo mpana ukiwa chini.

Ukubwa wa pia hilo unategemea kina. Ukiongeza kina cha boliti mara mbili, tuseme kutoka sentimita 5 hadi 10, nguvu ya zege kulishika inaongezeka karibu mara 2.8. Boliti nene yenye kina kifupi inakudanganya macho. Ukiziweka boliti karibukaribu, mapia yao yanaingiliana na kugawana zege lilelile, hivyo boliti nne hazikupi nguvu ya nne. Ukiziweka karibu na ukingo, pia linakatwa upande. Na tundu lililojaa vumbi la drili hufanya boliti ikamate vumbi badala ya zege.

Halafu kuna swali la slabu yenyewe. Viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamevitumia kwa miaka mingi, huchukua kilonyutoni 1.5 kwa kila mita ya mraba kama mzigo wa watu na samani kwenye sakafu ya nyumba ya kuishi. Hiyo ni kama kilo 150 kwa mita ya mraba, zikiwa zimesambaa. Wewe unataka kuning'iniza kilo 520 kwenye eneo dogo kama sahani ya kulia wali, tena pamoja na mshtuko. Aliyeichora slabu hakukuwazia. Na hapo tunadhani ilichorwa na mtu. Jiji letu halijasahau tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Zege kuonekana gumu kwa macho si ushahidi wa chochote. Kama lilichanganywa na mchanga wa baharini wenye chumvi, nondo zinaweza kuwa zinaliwa na kutu ndani kwa ndani. Madoa ya kahawia na nyufa zinazofuata mstari wa nondo ndizo dalili za kwanza.

Kuna pia slabu zinazojengwa kwa mbavu za zege na matofali yenye uwazi katikati yake. Ukilipiga plasta kwa chini, huwezi kujua ubavu uko wapi na tofali liko wapi. Ukitoboa na drili ikazama ghafla kama imeingia kwenye embe bivu, umefika kwenye uwazi. Hapo simama.

Vipi gundi ya epoksi, ile ya kumimina kwenye tundu na kuzamisha boliti? Ni nzuri kwa kazi nyingi, ila kwa kitu kinachoning'inia muda wote juu ya vichwa vya watu ina hadithi ya kusikitisha. Tarehe 10 Julai 2006, kwenye handaki la barabara mjini Boston, Marekani, vipande vya zege vya dari, vizito kwa tani nyingi, viliangukia gari na kumuua mama aliyekuwa abiria. Uchunguzi ulionyesha kwamba boliti zilikuwa zimeshikwa kwa gundi ya epoksi isiyofaa mzigo wa kudumu. Haikukatika ghafla. Ilitambaa polepole, milimita kwa milimita, mpaka boliti zikachomoka. Kama hilo lilitokea kwenye mradi mkubwa wenye wahandisi tele, usije ukaleta gundi ya dukani juu ya kichwa cha spana boi.

Ikiwa ni lazima kabisa kufunga kwenye slabu, na mhandisi ameikagua na kukubali, njia bora ni boliti ya kupenya: inatoboa slabu kutoka chini hadi juu, na kule juu inakalia pleti pana ya chuma. Sasa boliti haivuti tena zege kwa chini. Pleti inalibana zege kutoka juu, na zege hupenda kubanwa. Tatizo ni kwamba kule juu ni sebule ya mtu. Kwa hiyo hapa hatuongelei fizikia tu, tunaongelea ruhusa ya mwenye nyumba, na familia inayolala juu ya mzigo wako bila kujua.

Jibu tunalolipendekeza: goli

Mpaka hapa unaweza kuona tunakoelekea. Kama dari haiaminiki, acha kuiuliza. Jenga njia nyingine ya kufikisha mzigo ardhini bila kupita darini kabisa: nguzo mbili za chuma na boriti moja juu yake, kama goli la mpira. Winchi inafungwa kwenye boriti, boriti inakaa kwenye nguzo, nguzo zina pleti pana miguuni zilizofungwa kwenye sakafu ya zege. Sasa zege la sakafu linabanwa na nguzo, kazi ambayo linaiweza.

Kwa mfano tu, si ramani ya kujengea: boriti ya chuma yenye umbo la I, kimo cha milimita 140, uzito wa kilo 13 hivi kwa mita, ikiwa na urefu wa mita 3 na kubeba kilo 520 katikati. Hata ukizidisha mzigo mara mbili kwa ajili ya mshtuko, mkazo unafika karibu nyutoni 100 kwa milimita ya mraba, wakati chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea kwenye 235. Hapo ndipo unapopata akiba ya usalama ya maana. Boriti nzima haifiki kilo 40. Linganisha na ule ubao wetu uliokuwa umeshapita mpaka kabla hata hatujaanza kuongelea mshtuko.

Ila goli lina maadui wawili. Wa kwanza ni kuyumba. Mzigo ukivutwa kwa pembeni, goli linataka kulala. Kwa hiyo linahitaji mishikizo ya mshazari kwenye kona, pande zote mbili: ya kulia na kushoto, na ya mbele na nyuma. Ile pembetatu ya kenchi tuliyoisifu, hapa ndipo mahali pake. Wa pili ni uchomeleaji mbaya. Mstari wa kuchomelea unaong'aa kwa juu unaweza kuwa umekaa juu ya chuma bila kuzama ndani. Mpe kazi fundi wa kuchomelea anayejulikana kwa kazi za miundo, si wa mageti ya maua, na boliti zitumike kwenye viungo vikuu inapowezekana.

Winchi nyingi ndogo huja na breketi za kubana kwenye bomba la mviringo au la mraba. Kitabu chake kitakuambia ukubwa wa bomba linalotakiwa. Usibane kwenye bomba dogo zaidi ukijaziliza na vipande vya mpira. Weka nati ya pili juu ya kila nati ili mtetemo usizilegeze, na piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi. Mstari ukikatika, nati imezunguka, utaona kwa jicho tu ukipita.

Na hewa yetu ya pwani? Ina chumvi na unyevu, inakula chuma bila kelele. Piga rangi ya kuzuia kutu, na kagua sehemu za kukutana kwa vyuma, ambako maji hujificha.

Umeme ukikatika, injini inaanguka?

Hili ni swali la Dar es Salaam kabisa, na jibu lake ni la kufurahisha. Winchi nzuri ina breki inayofanya kazi kinyume na unavyofikiri. Breki haiwashwi na umeme, inaachiwa na umeme. Springi imeikaza muda wote. Ukibonyeza kitufe, sumaku ya umeme inaivuta springi, breki inaachia, mota inazunguka. Umeme ukikatika, sumaku inakufa, springi inakaza palepale. Ni wazo lilelile aliloonyesha Elisha Otis mjini New York mwaka 1854, aliposimama juu ya jukwaa lililoning'inia na kuamuru kamba ikatwe: usalama usitegemee kitu kuwepo, utegemee kitu kutokuwepo.

Tatizo kubwa zaidi ni umeme kuwa mdogo. Nguvu ya kuzungusha ya mota za aina hii hushuka kwa mraba wa volti. Kama badala ya volti 230 unapata 180, mota inabaki na asilimia 61 hivi ya nguvu yake. Breki imeshaachia, mota haina ubavu, mzigo unaanza kuteleza kushuka. Na wengi wanajiletea hali hii wenyewe kwa waya mwembamba wa kuunganishia. Mota inapoanza inaweza kuvuta kama ampea 20. Ukitumia waya wa mita 30 wenye unene wa milimita za mraba 0.75, volti 28 zinapotelea njiani. Waya wa 1.5 unapoteza nusu ya hizo. Kama 2.5 inapatikana, tumia hiyo.

Kumbuka pia kwamba kwenye winchi nyingi ndogo kile kidude cha vitufe unachoshika mkononi kina umeme wa volti 230 ndani yake. Mkono una jasho na oili, sakafu ina maji. Kwa hiyo waya wa ethi ni lazima, na swichi inayokata umeme ukivuja kwa kiwango cha miliampea 30 ni lazima. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Kabla ya injini, inua maji

Usijaribu goli lako kwa injini ya mteja. Jaribu kwa maji, kwa sababu uzito wake unajulikana: lita moja ni kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200, ongeza uzito wa pipa lenyewe.

Funga uzi uliokazwa kutoka nguzo hadi nguzo, ukifuata boriti, ili uone inavyonyumbuka. Anza na nusu ya mzigo. Inua sentimita 10 tu kutoka chini, subiri dakika 10, pima uzi, kagua kila boliti na kila kiungo. Shusha. Boriti lazima irudi palepale ilipokuwa. Isiporudi, chuma kimeshalegea na jaribio limeisha. Ongeza polepole mpaka ufike mzigo wa juu uliouruhusu. Ile robo ya ziada ambayo wakaguzi huijaribu, waachie wenyewe, wana vifaa na utaratibu wake. Watu wote wakae mbali, umbali unaozidi urefu wa goli.

Na hapa tuseme wazi: makala hii inakusaidia kuelewa na kuuliza maswali sahihi, haichukui nafasi ya mhandisi. Tafuta aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mwambie uwezo wa winchi na urefu wa boriti, akupe ukubwa wa vyuma na pleti kwa maandishi. Gereji ni mahali pa kazi, kwa hiyo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakuhusu, na OSHA ndio wenye jukumu la ukaguzi. Gharama yake inauma, ni kweli. Ila ipime na mguu wa kijana wa miaka 19.

Mazoea ya kila siku

Goli likishasimama, kinachobaki ni nidhamu. Andika haya ukutani kwa rangi, mahali ambapo kila mtu anayaona:

1. Hakuna kichwa, mkono wala mguu chini ya mzigo. Hata kwa sekunde moja, hata kwa kuokota spana.
2. Winchi hii haiinui mtu. Kamwe.
3. Inua kwa wima. Kuvuta gari kwa mshazari kunaitoa waya kwenye ngoma na kulilaza goli.
4. Mizunguko isipungue 3 kwenye ngoma mzigo ukiwa chini kabisa. Msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaoshika, si ile skrubu ndogo ya mwisho.
5. Waya ulionyumbuka kama kona, uliopondeka au wenye nyuzi zilizokatika haufungwi tena. Tupa.
6. Kilimi cha ndoano kifanye kazi. Kikivunjika, ndoano inabadilishwa.
7. Mota ikipata moto, pumzika. Kibati kimeshasema.
8. Injini ikishatoka kwenye gari, shusha kwenye stendi mara moja. Winchi ni ya kuinulia, si ya kutundikia mzigo mpaka kesho.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi. Mteja amechelewa kuleta pesa ya gasketi, injini inaachwa inaning'inia tangu asubuhi, vijana wanapita chini yake kufuata chai, na baada ya saa mbili hakuna anayeiona tena. Imeshakuwa sehemu ya dari. Wakati huo ndipo hatari inapokuwa kubwa kuliko siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza wote walikuwa wanaangalia juu.